Milio ya Siku za Kazi

Nimejaribu kupumzika, nimeshindwa. Tangu nikabidhi ufunguo wa ofisi nimepanga vyombo upya, nimefagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, na nimewafundisha wajukuu wa jirani yangu hapa Nguvumali kugawanya desimali bila wao kuniomba. Mwanangu ananiambia, "Mama, kaa." Nakaa. Chai haijapoa, nimekwisha simama. Basi nimeona heri nishike kalamu, maana mkono ukiwa na kazi miguu nayo hutulia kidogo. Ninyi vijana wa chumba cha takwimu mliniomba siku ya kuagana niwaeleze kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Siku ile niliongea maneno ya sherehe, kwa kuwa kulikuwa na keki na mkuu wa kitivo alikuwa na safari. Leo nasema yaliyobaki.

Ya vyeo na mishahara siyasemi. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara kila mtu anaujua wake.

Nilifundisha hesabu sekondari mpaka chaki ikaniingia kwenye mifupa. Nilipokuwa naelekea miaka hamsini nilimaliza shahada ya pili ya takwimu, niliyoisoma jioni na wakati wa likizo, na mwaka huohuo nikaona tangazo la chuo chetu. Walikuwa wanatafuta mhadhiri msaidizi anayeanza kazi, wa takwimu za kompyuta na ujifunzaji wa mashine. Takwimu nilizijua. Kompyuta tulikuwa tunasalimiana. Hayo mengine nikamuuliza mwanangu.

"Mashine zinajifunza nini?"

"Chochote utakachozifundisha, mama."

"Basi ni kama wanafunzi."

"Hapana. Wanafunzi wanakubishia."

Kwenye usaili waliniuliza kwa adabu kama nimeelewa kwamba nafasi ni ya mtu anayeanza. Nikawajibu kwamba nimeanza kila Januari tangu niwe mwalimu, na sijawahi kuchelewa. Mmoja akacheka, wawili wakaandika. Nikapata kazi. Mpaka nastaafu, kwenye faili langu imeandikwa "anayeanza".

Siku ya kwanza nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Chumba kilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika, kina feni moja na meza mbili. Mkubwa wangu alikuwa Dokta Salim, kijana wa Makorora aliyesoma nje akarudi, umri wake sawa na wanafunzi wangu wa zamani. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Nakutafuta wewe. Mimi ndiye mfanyakazi wako mpya, Agnes."

Akatazama kiti chake, chenye mgongo, kisha akatazama kile kingine kilichokuwa kinayumba. Akanisogezea cha mgongo. Nikakataa, akasisitiza, nikakaa. Kesho yake niliwahi nikakaa kwenye kile kinachoyumba. Akaja akasimama wima kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, akakataa kukaa mpaka tubadilishane. Wiki nzima tulifanya kazi ya viti. Mwishowe nikamwambia tuweke sheria: shikamoo ni ya mlangoni, mezani ni kazi tu, na kiti ni cha atakayewahi. Hapo ndipo alipopata ujasiri wa kuniambia kwamba programu niliyoiandika ilikuwa na makosa kuanzia mstari wa kwanza.

Alikuwa mwalimu mzuri, nami nimeona walimu wengi. Hakunigusia kibodi hata siku moja. Aliweka mikono mgongoni, akasema, "Soma tena kwa sauti, Mwalimu." Nikisoma kwa sauti nasikia upumbavu wangu mwenyewe, narekebisha. Alinifundisha kuandika mahali panapoonekana ile namba ya kuanzia, tunayoiita mbegu, ili bahati nasibu ya kompyuta ikirudiwa itoke ileile. Alinifundisha kutenga sehemu ya data na kuificha, modeli isiione mpaka siku ya kupimwa. Hilo nilikuwa nalijua kwa jina jingine. Mwanafunzi uliyemwonyesha mtihani hufaulu, na hajui kitu.

Umeme ulikuwa unakatika, kwa hiyo tulijifunza kuhifadhi kazi kila baada ya muda mfupi, kama mtu anayepikia mkaa anavyogeukia jiko. Vumbi la ndani ya kompyuta tulilitoa kwa pampu ya baiskeli. Msicheke. Pampu ile bado iko nyuma ya kabati na inafanya kazi kuliko vitu vingi tulivyoagiza.

Darasani nilikuwa na bakuli la kunde. Nilitaka wanafunzi waone kwa macho ile mbinu ya kuchota sampuli, kurudisha, kuchota tena, mara nyingi, mpaka ujue makadirio yako yanayumba kiasi gani. Nyeusi kadhaa, nyeupe kadhaa. Walielewa. Siku moja nikakuta bakuli limeoshwa na kuanikwa, kunde hazipo. Sikuuliza. Muhula uliofuata nilitumia vifungo vya mashati.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Dokta Salim alikuwa na mradi mmoja aliokuwa anaupenda kuliko mingine yote. Pwani yetu ilikuwa imechoka na uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na vifaranga, mwamba unabaki kifusi, na mpiga baruti mwenyewe akikosea sekunde anarudi nyumbani bila mkono. Mjomba wa Salim alirudi bila mkono. Kwa hiyo haukuwa utafiti wa kupata jina tu. Wapiga mbizi waliweka vinasa sauti chini ya bahari, karibu na miamba, vikikaa kimya vinasikiliza. Kila baada ya wiki kadhaa vinatolewa, kadi zinaletwa kwetu, na modeli ya Salim inapitia sauti zote: hii ni injini, hii ni mawimbi, huu ni mlipuko. Alikuwa ameifundisha kwa milipuko iliyonaswa kwenye bahari za nchi nyingine. Kwenye sauti alizozitenga kwa kuipimia, ilifaulu vizuri sana.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha data na kusikiliza sehemu chache kwa masikio yangu, kuhakiki. Ukivaa zile spika za masikioni unasikia bahari inavyochakarika, kama mafuta ya kukaangia. Kisha, dum, mlio wa chini, mzito, unausikia kifuani kabla ya sikioni. Nikausikia mara nyingi. Mlipuko ulikuwa mlipuko kweli, hakuna aliyeweza kubisha.

Salim akatengeneza ramani, yenye madoa mekundu, na madoa yalijazana mbele ya kijiji kimoja nisichotaka kukitaja, kwa sababu kimeshatajwa vya kutosha. Akaipeleka kwenye kamati ya ulinzi wa bahari. Walimpigia makofi. Alirudi ofisini anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya, na mimi nilifurahi naye.

Haukupita muda, doria ikaenda mbele ya kijiji kile, mchana, saa ambazo ramani ilikuwa inaonyesha milio mingi. Wakamkuta mvuvi mmoja peke yake na samaki chomboni. Baruti hawakukuta. Walisema ameitumia yote. Wakamchukua yeye, wakachukua na samaki kuwa ushahidi.

Mimi nilizipata habari hizo kwa mkewe. Alikuja ofisini akapiga hodi, mwanamke kijana, amejifunga kanga moja na nyingine kichwani, viatu amevishika mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi Mwanaisha, mke wa Bakari. Bakari uliyemfundisha."

Nilimkumbuka. Alikuwa anakaa dirishani, mzito wa vipeo, mwepesi wa kuchora. Hakumaliza kidato cha nne.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Wanasema mashine imemsikia. Nimeambiwa mashine iko kwenu. Nimekuja kuuliza tu. Hiyo mashine inamjua Bakari?"

"Haimjui mtu. Inajua mlio."

"Basi imemtajaje?"

Nikamtazama Salim. Salim alikuwa ameinamia kompyuta.

"Haikumtaja," nikasema. "Ilitaja mahali na saa."

"Lakini yeye anavua hapo kila siku, Mwalimu. Saa zote. Sasa kitu chochote kikilia hapo, si kitakuwa cha kwake?"

Nilimsindikiza mpaka getini. Niliporudi Salim akasema, bila kuinua kichwa, "Mwalimu, mlipuko upo. Umeusikia wewe mwenyewe."

"Nimeusikia."

"Na yeye alikuwepo pale."

"Alikuwepo."

"Basi."

Ile "basi" haikunitosha. Jioni ile nilitembea kutoka chuoni hadi nyumbani kwa mguu, njia ambayo siku zote napanda bajaji, na nyumbani nikaanza kupiga pasi nguo zilizokwisha pigwa. Kitu kilikuwa kinanikereketa na sikukijua. Asubuhi nilifanya zoezi ninalowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambalo hata kompyuta haihitajiki sana. Nikaipanga ile milio yote kwa siku za wiki, nikachora vidole vya grafu: Jumatatu, Jumanne, kuendelea.

Jumapili haikuwa na kidole.

Nikadhani nimekosea. Nikasoma programu kwa sauti kama alivyonifundisha. Haikuwa na kosa. Siku za kazi milio ipo, Jumapili hakuna. Nikatazama sikukuu, Krismasi kimya, Idi kimya. Nikatazama Ijumaa, na hapo ndipo nilipoinuka kwenye kiti. Ijumaa milio ilikuwepo mchana, saa za swala ya Ijumaa, kama siku nyingine yoyote.

Kijiji kile ni cha Waislamu tangu mababu. Mtu anayepiga baruti huenda hamwogopi Mungu sana, nakubali, lakini kijiji kizima kinakuwa msikitini, na akilipua wakati huo bahari nzima inajua ni nani hayupo kwenye safu. Kisha nikaweka na majedwali ya kupwa na kujaa. Mvuvi, wa halali au wa haramu, hufuata maji. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, lina saa zake, maji mafu yana saa zake, na kila siku saa zinasogea. Milio ile haikusogea. Ilikuja mchana, siku baada ya siku, kama mtu aliyepiga saini ya kuingia kazini.

Salim alipofika nikamgeuzia kompyuta.

"Dokta, baruti gani hii inayokwenda kanisani?"

Akatazama kwa muda mrefu. "Labda Jumapili wanaogopa doria."

"Doria ya Jumapili haipo. Wewe mwenyewe ulilalamika."

"Labda bahati tu."

"Kokotoa uwezekano wa bahati hiyo. Nakusubiri."

Hakukokotoa. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Mwalimu, unajua nikienda kuwaambia hivi itakuwaje? Hawatatusikiliza tena. Siku tukiwa na ukweli mkononi watatuambia, ninyi si ndio wale? Na baruti ipo. Mkono wa mjomba wangu haukuliwa na papa."

"Sisemi baruti haipo. Nasema hii siyo."

"Ni nini, basi?"

"Sijui."

"Nikawaambie sijui?"

Ilikuwa mara ya kwanza tunagombana, na kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu kazini na mimi ni sawa na mama yake, hakuna aliyejua nani anatakiwa kuanza kuomba radhi. Feni ikawa inapiga kelele peke yake.

Siku zilizofuata sikukaa mahali pamoja. Niliuliza bandarini kama kuna kazi ya kuchimba au kupigilia nguzo, hakuna. Niliuliza kuhusu jeshi, wakaniuliza kwa nini nauliza, nikaondoka. Wakati huo Bakari yuko mahabusu, na Mwanaisha anampelekea chakula kwa miguu.

Jumapili nilikwenda kanisani, na sikusikia neno la mahubiri. Tulipotoka nilisalimiana na Mama Ruth, mwimbaji mwenzangu wa sauti ya pili, anayeishi Pongwe. Nikamuuliza habari za nyumbani kwa mazoea tu.

"Nyumba inatuangukia, dada," akasema. "Ufa umefika dirishani. Wale wa machimbo ya mawe wanalipua kila mchana, vikombe vinacheza kabatini. Mtoto wa mwanangu akilazwa mchana anaamka analia. Afadhali leo, Jumapili wanatuacha tupumue."

Nilimshika mkono. Akashtuka.

"Wanalipua baharini?"

"Baharini wapi, Agnes? Huku kwetu bara, kwenye mawe."

Nilimpigia simu Salim nikiwa bado uwanjani mwa kanisa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kutoka Pongwe mpaka kwenye kinasa ni mbali."

"Ardhi ni moja, Dokta. Inakwenda mpaka chini ya maji."

Akasema, "Kesho nakupitia asubuhi."

Jumatatu tulikaa sebuleni kwa Mama Ruth, tumewekewa chai na mihogo, tumetazama kabati la vikombe kama watu wanaotazama televisheni. Saa sita ikapita. Mama Ruth alikuwa ameanza kutuonea haya kwamba ametudanganya. Kisha king'ora kikalia mbali, kikanyamaza, na sakafu ikasukuma nyayo zetu. Vikombe vikagongana. Salim aliandika saa, kalamu ikatoboa karatasi.

Hata hivyo hatukuwa na hakika, na hapa nataka mnisikilize vizuri ninyi mnaopenda kukimbilia majibu. Kwamba hivi viwili vinafanana haitoshi. Tulitakiwa kusikia bahari ilisikia nini siku hiyohiyo, na vinasa vilikuwa chini ya maji, havikutakiwa kutolewa mpaka mwisho wa mwezi. Bahari nayo ikachafuka. Salim alikwenda kila asubuhi kuwabembeleza wapiga mbizi, wanamwambia leo haiwezekani. Alikonda. Alikuwa anafika ofisini, anafungua kompyuta, anaifunga. Mimi nilisahihisha mitihani ya watu ambao hawakuniomba niwasaidie. Siku bahari ilipotulia tulikuwa ufukweni sote wawili kabla ya wapiga mbizi wenyewe.

Tulileta vinasa viwili, cha mbele ya kijiji na kingine kilichowekwa mbali, upande wa kaskazini. Tukatafuta ile Jumatatu, ile saa. Mlio ulikuwepo, umechelewa kidogo tu kupita saa aliyoiandika Salim. Tukafungua kinasa cha pili. Nacho kimeusikia, kwa nguvu zinazokaribiana. Kama ungetokea mbele ya kijiji, kinasa kimoja kingetikisika na cha pili kingesikia mnong'ono. Huu ulitoka mbali na vyote viwili.

"Na madoa?" nikamuuliza. "Kwa nini yamejaa pale kijijini?"

Salim aliweka kichwa mikononi. "Kwa sababu pale ndipo tulipoweka kinasa kizuri zaidi," akasema. "Ramani yangu haikuonyesha palipolipuka, Mwalimu. Ilionyesha tulipotega sikio."

Hakukuwa na ubishi tena. Hatukusubiri siku ya kikao, Salim aliomba kuonana na kamati mapema, akaniomba niende naye. Chumba kilikuwa na joto, ramani yake bado imebandikwa ukutani. Alisimama akaeleza bila maneno ya kitaalamu: machimbo, ardhi, Jumapili, vinasa viwili. Alisema kati ya milio ile, mingi sana ni ya machimbo, na mtu aliyekamatwa kwa sababu ya milio hiyo aachiwe.

Mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya taratibu, akauliza, "Kwa hiyo mashine ilidanganya?"

"Haikudanganya, mzee. Ilisikia mlipuko, na mlipuko ulikuwepo. Mimi ndiye niliyewaambia uko baharini."

"Na juzi ulikuwa na uhakika."

"Nilikuwa na uhakika."

"Na leo?"

"Leo nimehakiki."

Mwenyekiti akatazama ukutani, akamwomba karani aibandue ramani. Ilibanduka nusu, nusu ikabaki kwenye gundi. Hakuna aliyetupigia makofi. Tulipotoka nje Salim alitapika nyuma ya gari la mtu. Nilimpa leso yangu, nikatazama pembeni.

Bakari hakuachiwa siku ile. Kulikuwa na karatasi za kusubiri, na mtu wa kuzisaini alikuwa amesafiri. Alipoachiwa tulikwenda kumpokea, mimi, Mwanaisha na Salim. Alitoka amepungua, macho yanakwepa jua. Akanisalimia kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bakari. Pole, mwanangu."

Salim akasogea mbele. "Bakari, mimi ndiye Salim. Ile ramani niliichora mimi. Nimekuja kukuomba radhi."

Bakari alimtazama, akamtazama hadi viatu. Nilidhani atampiga. Akasema, "Nimekusikia," akachukua mfuko wake kwa mkewe. Tulipotembea kidogo akanivuta nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Nisikufiche, Mwalimu. Baruti niliwahi kupiga, ujanani, kabla sijaoa. Niliacha. Siku ile sikupiga."

"Sawa."

"Nakwambia ili usije ukasema umemtetea malaika."

Nimelifikiria neno lile kuliko mengi niliyoyasoma vitabuni. Tungeweza kabisa kumkuta na kosa la zamani, tukalala usingizi mzuri, na hesabu yetu ingebaki mbovu vilevile.

Modeli tuliirekebisha haraka kuliko nilivyotegemea. Tuliifundisha sauti za machimbo, tukaipa vinasa viwili badala ya kimoja, na nikatunga sharti ambalo ninyi mmelikuta na mnalilalamikia: hakuna ramani inayotoka chumbani bila kupangwa kwa siku za wiki, kwa saa, na kwa maji. Milipuko ya kweli ya baharini ilibaki, michache, mahali pengine kabisa. Sikilizeni, kamati walikuja kuitumia, na ilisaidia. Salim alikuwa na hofu bure kwamba hawatatusikia tena. Walitusikia, ila sasa walikuwa wanauliza maswali, jambo ambalo lilimchosha na kumfurahisha. Baadaye aliitwa chuo kingine, mbali. Alinikabidhi mradi na kile kiti chenye mgongo. Mpaka leo akipata data mpya hunitumia ujumbe: "Shikamoo, Mwalimu. Jumapili ina kidole."

Ningeweza kuishia hapo, na mngesema mradi ulifanikiwa. Kwenye ripoti ndivyo tulivyoandika.

Bakari aliporudi kijijini hakurudi kama alivyotoka. Mwenye chombo alikuwa amekwisha mpa mtu mwingine. Wenzake walimsalimia vizuri, lakini hakuna aliyemwita kwenda naye baharini, maana nani anataka kuwa chomboni na mtu ambaye doria inamjua kwa sura? Wengine waliamini kwamba ameachiwa kwa kutaja majina. Alivumilia msimu mmoja. Kisha akamchukua Mwanaisha na watoto wakaenda Muheza, kwenye shamba la machungwa la mjomba wa mkewe. Mtu wa pwani, aliyejua kila mwamba kwa jina, akawa anapalilia.

Kabla ya kustaafu nilikwenda kumwona. Nilikwisha kwenda miaka ya nyuma, ila siku hiyo nilikwenda kumwambia kwamba naacha kazi. Alikuwa juu ya ngazi, anachuma. Alishuka, tukakaa juu ya magunia, Mwanaisha akatumenyea machungwa. Wana binti sasa anayesoma sekondari, ananizidi urefu. Nilimuuliza Bakari kama anaikumbuka bahari.

"Kelele zake sizikumbuki," akasema. "Hapa ni kimya vizuri. Ila radi ikipiga naacha kazi, nasimama. Nasimama tu, mpaka Mwanaisha aje anishike bega."

Nikala chungwa langu.

"Na ile mashine?" akauliza. "Nayo inastaafu?"

"Hapana. Inaendelea kusikiliza."

"Atabaki nayo nani?"

"Vijana. Wapya. Wazuri, wana akili kuliko sisi."

Alizungusha ganda mkononi. "Wananijua?"

"Wanajua sharti la siku za wiki. Wanadhani ni ukorofi wangu wa uzee."

Mwanaisha akacheka. Bakari hakucheka. "Waambie waje," akasema. "Sitaki waje na maswali. Waje wanione tu."

Kwa hiyo nawaambia. Machungwa yanaanza kuiva vizuri mwezi wa sita. Mkishuka stendi ya Muheza, ulizeni bodaboda shamba la Bakari Mdigo. Ndivyo wanavyomwita kule, ingawa yeye hapendi. Atakuwa juu ya ngazi. Msalimieni kwanza, naye atashuka. Kompyuta acheni chuoni.